Nyumba ya Siku Moja

Jumapili iliyopita nilikuwa sokoni Kibuye, nimeinama juu ya rundo la viatu vya mitumba, simu ilipolia. Alikuwa mdogo wake rafiki yangu Mwalimu, yule mkulima wa miwa wa Muhoroni. Hakunisalimu. "Mzee, Mwalimu ametuacha," alisema. "Ni presha. Alianguka Ijumaa akiwa darasani, na hatukuwahi kufika naye hospitali." Nikasimama pale na kiatu kimoja mkononi, na mwenye rundo akadhani nanuna ili anipunguzie bei. Katika safu hii nimewaaga watu wengi, wengine wakubwa wa kusindikizwa na misafara ya magari. Huyu hakuwa mkubwa kwa kipimo hicho. Lakini niwaambie ukweli, wasomaji wangu, huyu amenikata maini.

Tulifundisha pamoja miaka mingi katika shule moja hapa Kisumu, yeye Kiingereza na mimi Kiswahili, kabla sijahamia magazetini. Alipopata kazi ya kufundisha Kiingereza Vietnam, walimu wote tulimuaga kwa soda na maandazi, na kila aliyesimama kuzungumza alimwambia jambo lile lile: weka akiba, ujenge. Sababu ya kujenga alikuwa nayo. Alikuwa kifungua mimba. Kwetu Waluo, mwana wa kiume huanza maisha katika simba, kijumba chake ndani ya boma la babake, na wakati ukifika hutoka na mkewe kwenda kuanzisha boma lake mwenyewe. Ila hutoka kwa zamu, na mdogo hamtangulii mkubwa. Sasa huyu mdogo wake alikuwa na mke na watoto wanne ndani ya simba ya vyumba viwili. Kiwanja alikuwa nacho. Matofali alikwisha kuyachoma na kuyapanga, na majani yalikuwa yameota juu yake. Alichokuwa akingoja ni kaka yake tu.

Miaka miwili ya kwanza Mwalimu aliishi kama mtu aliyejifunga jela mwenyewe. Alichagua jiji kubwa lenye mshahara mnono, akapanga chumba kisicho na dirisha, akawa anakula tambi za maji moto asubuhi na jioni. Wenzake wakimwalika kwenda kutembea wikendi, alisema anaumwa. Alipokuja likizo, mkewe, ambaye wakati huo alikuwa akiuza nguo pale pale Kibuye, alimpita uwanja wa ndege asimtambue kwa jinsi alivyokonda. Na mimi nilifanya nini? Nilimsifu. Nilimwambia huyo ndiye mwanamume anayejua alichokifuata. Akafungua begi akanionyesha ramani ya nyumba: ghorofa moja, nguzo nne mbele, na roshani inayotazama barabara ya malori ya miwa ili kila dereva aione. "Mtu ametoka ng'ambo hawezi kujenga kitu kidogo, omera, ndugu yangu," akasema. "Watu watasema nilikuwa huko nafagia barabara." Nikaafiki. Tulikaa pale wawili, watu wazima tuliosoma, tukabishana kuhusu rangi ya nguzo, na hakuna aliyeuliza yule mkulima angezingoja nguzo hizo mpaka lini.

Mwaka wa tatu akaniandikia ujumbe mrefu kwenye simu. Amehama jiji, alisema. Yuko mji mdogo wa pwani ambako mshahara umepungua. Amewachukua mkewe na binti yake, tikiti za ndege zimemeza sehemu kubwa ya akiba, wamepanga nyumba yenye veranda, na yeye, mtu aliyezaliwa karibu na ziwa, anajifunza kuogelea akiwa na miaka arobaini. Nilipandwa na hasira. Nilimjibu papo hapo kwamba yeye anaogelea na mdogo wake analala na watoto wanne katika simba ya vyumba viwili. Majibu yake ninayo hadi leo. "Kuhusu mdogo wangu umesema kweli, na nitafanya kitu. Kuhusu kuogelea hujui unachosema. Nilikuwa naingia darasani na njaa, sijaongea na mtu tangu juzi, halafu nawaambia watoto wa watu waongee. Walikuwa wananiogopa. Sasa wananiletea maembe."

Desemba alikuja nyumbani na familia yake bila kumtangazia mtu. Kwa desturi yetu, nyumba ya kwanza ya boma jipya hujengwa siku moja, na mwenyewe huhamia siku hiyo hiyo. Alfajiri wakatoka boma la marehemu baba yao: yeye na jogoo, baba yao mdogo na shoka, mke wa Mwalimu na moto. Mimi nilipewa kazi ya kushika misumari. Jua lilipoinama ilikuwa imesimama nyumba ya mabati ya vyumba viwili, bila nguzo na bila roshani. Watu wakaanza kuguna. Mzee mmoja jirani hakujisumbua kunong'ona. "Mwalimu, hii ni nyumba ama ni stoo? Hiyo ndiyo pesa ya ng'ambo?" Mwalimu akacheka. "Ni nyumba, Mzee. Mimi leo nalala humu. Na huyu mdogo wangu sasa anaweza kujenga yake." Nilimtazama yule mdogo. Aliweka nyundo chini, akaenda nyuma ya miwa, akakaa huko kitambo. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Kabla ya mvua za masika naye alikuwa amejenga kibanda chake cha siku moja, kisha akahamia katika nyumba ya matofali yake.

Vijana wanaopanga kwenda kufundisha ng'ambo huniuliza kila mara: huko mtu aishi vizuri ama aweke akiba? Zamani nilikuwa nawajibu haraka, weka akiba, starehe zina siku zake. Siku hizi nawauliza kwanza akiba hiyo ni ya nani. Ile ya Mwalimu ya miaka miwili ilikuwa ya madereva wa malori. Ndugu yake hakuhitaji ghorofa, alihitaji kaka aanze. Sitamfanya malaika. Alirudi mwaka juzi bila utajiri wowote, na mkewe alirudi Kibuye kuuza nguo. Jumatatu nilienda kumpa pole, na kwa ule ubishi wangu nikamuuliza kama hajutii pesa zilizoliwa kule. Akanitazama kama anayemhurumia mtoto. "Shemeji, nimekaa na bwanangu miaka sita tukila meza moja. Ungetaka nibaki na nguzo?" Niliona aibu, nikaomba maji ya kunywa.

Jumamosi tunamzika bomani kwake. Ila nimeandika haya yote nikikwepa jambo moja, na Mwalimu asingeniacha nilikwepe. Mimi pia ni kifungua mimba. Nina miaka hamsini na miwili, sijawahi kufanya kazi nje ya nchi hii, na ramani ya nyumba yangu ina ghorofa. Mdogo wangu anachomelea milango ya vyuma pale Mamboleo. Wanawe wameota ndevu akiwa bado katika simba, na hajaniuliza hata siku moja, kwa sababu ananiheshimu. Nimejifunza kwa kuchelewa kwamba mkubwa anayetaka heshima hamwachi mdogo wake akizeeka mlangoni. Jana nilimpigia simu nikamwambia atafute seremala, wiki ijayo tunajenga yangu ya mabati, ya siku moja. Kisha nikamsikia akimwita mkewe, aje asikie mwenyewe.