Kofia ya Baba na Dobi Asiyekuwapo

Watu huenda Unguja kuogelea, kunywa urojo na kupigwa picha mbele ya milango ya kale. Mimi nilikwenda kuficha kosa, na nilikuwa na siku tatu za kulificha.

Kosa lenyewe lilianza Jumapili, nyumbani Morogoro. Baba, Mzee Shabani, alinipa kofia yake nyeupe iliyoshonwa kwa mkono niifue na kuitia wanga, kwa kuwa Ijumaa angemwozesha Zawadi, mdogo wetu wa mwisho. Kofia hiyo aliletewa na marehemu mama kutoka Unguja kabla sisi hatujazaliwa. Ameivaa Idd zote ninazozikumbuka, na aliivaa siku aliyoniozesha mimi. Mama hatakuwapo kwenye harusi ya Zawadi, lakini kofia yake itakuwapo, na nyumba nzima tulilijua hilo bila kulisema.

Sasa, mimi ni mwalimu wa ushonaji. Nilipoona vitundu vitatu vya nakshi, kwenye ukanda unaozunguka kichwa, vimechanika nyuzi, nikasema moyoni, kufua tu kwa nini, ngoja nimfanyie baba hisani. Nikaitia kofia kwenye cherehani ya umeme, nikaipiga mshono safi wa zigizagi, dakika kumi kazi imekwisha. Nilipoitoa, vitundu vilikuwa vimezibwa, ukanda umejikunja, na kofia imesinyaa hata isingemtosha mtoto wa chekechea. Baba alipouliza jioni, nikamwambia iko kwa dobi.

Jumanne alfajiri nilikuwa stesheni. Nyumbani niliaga kwamba nakwenda Unguja kununua udi wa harusi, jambo ambalo halikumshangaza mtu. Kofia niliitia katika bakuli la plastiki lenye mfuniko, lile la maandazi, isije ikabonyea. Treni ya umeme ilitufikisha Dar kabla sijamaliza kujilaumu. Bandarini mlinzi aliliona bakuli kwenye mashine ya ukaguzi akaniuliza, "Mama, maandazi?" Nikamwambia ni kofia. Akanitazama, akatazama bakuli, akanipisha.

Safari ya boti sina mengi ya kusimulia. Bahari ilichafuka kidogo, abiria wa kiti cha pili alitumia mfuko aliopewa, nami nikalikumbatia bakuli langu na kusoma dua zote nilizozijua.

Saa saba mchana nikashuka bandari ya Malindi, Unguja. Nilionyesha kitambulisho, nikapita Darajani, nikaingia vichochoro vya Mkunazini kutafuta maduka ya kofia. Anayefundisha ushonaji hawezi kutembea haraka Mji Mkongwe. Kanga zimetundikwa doti kwa doti, vikoi vya mistari vimekunjwa kama vitabu, mitandio ya Kihindi ina pindo za dhahabu, na vitenge vya Afrika Magharibi vina maua makubwa kama sinia. Nikainua macho kwenye mlango mmoja wa kuchongwa, nikaona ua lenye petali nane, nikajua nimeliona mahali. Nikafungua bakuli pale pale njiani. Ndilo lililokuwa kwenye kofia ya baba, dogo tu, limeshonwa kwa uzi. Nikafunga bakuli haraka, maana zigizagi yangu ilikuwa imelipita katikati.

Duka nililoingia lilikuwa la Bwana Sleyum, mzee mwembamba aliyezungukwa na kofia kutoka sakafuni hadi darini.

"Shikamoo."

"Marahaba. Karibu utazame. Kutazama hakuna ushuru."

Nikamfungulia bakuli. Akavaa miwani, akaigeuza kofia ndani nje, akapitisha kidole juu ya zigizagi.

"Nani kaifanya hivi?"

"Dobi," nikasema. "Dobi wa kwetu Morogoro."

"Ana cherehani dobi huyo?"

"Wa kisasa."

Akaguna. Akanionyesha rafu ya chini, kofia za mashine zilizotoka Uchina, maua yote sawa sawa. Kisha rafu ya juu, za mkono. "Hizi hata watu wa Maskati wanakuja kuzinunua," alisema, "na kwao wana zao za namna hii hii, vitundu vile vile. Basi uzuri wake mtu wa kazi akiishika tu anajua hii ya wapi na hii ya wapi. Hii yako nzuri sana. Usiitupe."

"Inafumulika kabla ya Ijumaa?"

"Hapa mjini sina wa kukwambia. Kesho asubuhi nenda Kitogani, karibu na Jozani, uulize Bi. Raya wa kofia. Mwambie katuma Sleyum. Na hiyo habari ya dobi..."

"Naam?"

"Basi, mwambie vivyo hivyo."

Usiku huo nililala Michenzani kwa Maryam, tuliyesoma naye chuo. Nyumba zao ni yale maghorofa marefu, na kila kibaraza kimeanikwa kanga. Maryam aliicheka kofia mpaka akakaa chini. Kisha akaona sicheki, akanipikia chai ya maziwa.

Jumatano, saa mbili asubuhi, gari ya shamba ilinishusha Kitogani. Kima punju wawili, wale wekundu wa msitu wa Jozani, walikuwa wamekaa juu ya gunia la makaa mbele ya nyumba moja, wanatafuna makaa kwa utulivu kama watu na karanga. Nikasita.

"Pita tu," sauti ya mwanamke ikatoka barazani. "Hao wateja wangu wa kila siku. Wanasema makaa yanawatuliza tumbo."

Ndiye Bi. Raya, mwanamke mnene wa makamo, miwani imeshikwa kwa kamba shingoni, miguu imenyooshwa mkekani. Nilimwamkia, nikamweleza nimetumwa na nani, nikampa bakuli. Aliitazama kofia muda mrefu.

"Kafanya nani?"

"Dobi."

"Dobi huyu zigizagi yake imenyooka," akasema. "Kasomea."

Nikawatazama kima.

"Kasomea wapi?"

"Chuoni," nikajikuta nimesema. "Miaka miwili."

"Na sasa anafundisha?"

"Anafundisha."

Bi. Raya hakucheka. Alisogeza miguu, akapiga mkeka kwa kiganja. "Haya, Dobi. Kaa kitako."

Tangu hapo sikuwa na jina jingine Kitogani.

Kwanza akafumua. Alishika wembe uliovunjwa nusu, akakata uzi wangu mmoja baada ya mwingine bila kugusa kitambaa, huku anazungumza habari za bei ya ndizi. Ukanda ukaanza kulegea, kofia ikarudi kuwa ya mtu mzima. Nikataka kumshukuru, akaninyooshea kidole ninyamaze. Alikuwa anahesabu vitundu vilivyoharibika.

"Arubaini na kimoja. Nawe boti yako lini?"

"Kesho alasiri."

"Na kabla ya hapo ifuliwe, itiwe wanga, ikauke. Mimi mikono yangu miwili, Dobi, haitoshi. Utashona na wewe."

Nikamwambia bila wasiwasi kwamba nitashona nusu. Niliona ni jambo dogo. Vyeti vyangu vimo ofisini, nimevitia fremu.

Kitundu cha kofia hakikatwi. Bi. Raya alichukua mwiba wa mdimu, akauchomeka polepole, akauzungusha. "Mkasi unakata nyuzi, mwiba unazisogeza," alisema. "Ukikata, mwakani panachanika." Kisha akauzungushia ukingo uzi, mizunguko midogo iliyolala ubavu kwa ubavu, mpaka kitundu kikasimama wazi, mviringo kamili, mdogo kuliko punje ya mtama. Alimaliza kabla sijaona alipoanzia.

Changu cha kwanza kilichukua nusu saa na kikafanana na jicho la mtu aliyepigwa ngumi. Bi. Raya alikitazama, akachukua wembe, akakifumua. Cha pili kilikuwa na pembe tatu, nacho akakifumua. Jirani wawili walikuja na kazi zao wakakaa nasi. Mmoja hushona kipande cha juu tu, kile cha mviringo, na wa pili hushona ukanda, kisha mtu mwingine huviunganisha. Waliniuliza nafanya kazi gani kwetu.

"Dobi," akajibu Bi. Raya.

"Anafua vizuri?" akauliza yule wa ukanda.

"Bado hatujaona."

Nilicheka nao, lakini machozi yalikuwa karibu. Niliona Ijumaa inakuja, baba amekaa mbele ya watu kichwa wazi, au amevaa kofia ya kuazima. Nikasimulia yote, ya mama na ya Zawadi, na ya baba kuuliza kofia yake. Wote watatu walisimamisha sindano. Bi. Raya akaichukua kofia, akaipeleka kwenye mwanga.

"Hii ina mikono miwili," alisema. "Aliyeshona juu alikuwa na haraka, pengine ana mtoto mchanga. Wa ukanda hana haraka hata kidogo. Mama yako aliijua kazi, akachagua." Akanirudishia. "Shona. Unaukaza mno uzi. Cherehani haikuulizi kitu, wewe unakanyaga tu. Mkono unakuuliza kila mzunguko."

Tulikula wali wa nazi na mchuzi wa samaki changu, tukaswali, tukashona. Sina la kusimulia zaidi kuhusu mchana ule, isipokuwa shingo iliniuma na nilifurahi. Miaka yote hii nawaambia wanafunzi wangu washone haraka, na siku ile sikutaka mtu aniharakishe. Jua lilipotua, Bi. Raya alikuwa amemaliza thelathini na vinne. Mimi nilikuwa na saba.

Akavikagua kwa ncha ya mwiba. Viwili vilikuwa vizuri kiasi. Vinne ni vya kuvumilia. Kimoja kimekaa upande.

"Hiki kifumue," nikamwomba.

"Hakifumuliki. Kitambaa kizee hiki, nshakifumua mara mbili, cha tatu kitapasuka." Akatua mwiba. "Lakini vyako vyote nshakugaia vya nyuma, karibu na mshono wa ukanda. Huko hakuna atakayeviona, ila atakayeswali nyuma ya baba yako, na huyo akiangalia kofia basi shauri lake na Mola wake."

Alhamisi, jua lilipochomoza, kofia ilifuliwa kwa sabuni ya kipande, ikatiwa wanga mwepesi wa muhogo, ikavalishwa foroma, kigogo cha mbao chenye umbo la kichwa, na kukaa juani. Nilikilinda kigogo kile dhidi ya kima kwa fagio la chelewa. Ilipokauka, nilipitisha mwanga ndani yake, nikaona vitundu vyote vimefunguka, na ua la petali nane limerudi mahali pake. Bi. Raya alinikataza nisimshukuru sana. Alinipa ule mwiba wa mdimu, umechomekwa kwenye kipande cha kitambaa.

"Na wewe, Dobi, ukifika kwenu useme kweli. Uongo wa dobi umenichosha hata mimi."

Mjini nikapitia udi, nisije nikaongeza uongo wa pili. Boti ilikuwa shwari, treni ilikuwa shwari, mimi sikuwa shwari.

Ijumaa asubuhi nilimkuta baba ukumbini, kanzu tayari, kichwa wazi. Nikampa bakuli. Akaitoa kofia, akaibonyeza kwa vidole, akainusa.

"Dobi huyu ana kazi nzuri."

"Baba, hakuna dobi."

Nikamwambia yote, toka hisani yangu ya Jumapili mpaka Kitogani. Nilizungumza nikitazama mkeka. Nilipomaliza, akaigeuza kofia mkononi.

"Vitundu vyako ni vipi?" akauliza.

Nikamwonyesha nyuma, kando ya mshono. Akavaa miwani ya kusomea, akavigusa kimoja kimoja kwa kidole, akaishia kwenye kile kilichokaa upande. Hapo kidole kikakaa.

"Haya," akasema, akasimama, akatoka.

Ndoa ilifungwa nyumbani, baada ya swala ya Ijumaa. Sisi wanawake tulijazana dirishani. Bwana harusi alikuwa ameketi mkekani anatetemeka vizuri, na baba amekaa mbele yake, magoti yanakaribia kugusana. Nilimtazama baba, nikamtazama tena. Mshono wa ukanda, ambao kila mvaa kofia huuweka kisogoni, ulikuwa katikati ya paji la uso wake, na kando yake vitundu vyangu saba, mbele ya kadhi na wageni wote.

Baba mdogo aliona. Alimwinamia, akanong'ona kwa sauti tuliyoisikia hadi dirishani, "Kaka, kofia umeigeuza."

Baba aliinua mkono, akagusa mshono kuhakikisha kama uko pale alipouweka.

"Najua," akasema, akamshika bwana harusi mkono.