Kanga Mlangoni, Afande Dukani

Kuna siku moja hainitoki kichwani, mwanangu, na kila nikiikumbuka nacheka peke yangu. Dada yangu Mwanahawa, aliyekuwa na duka la kanga Kariakoo, alikuwa anaolewa alasiri. Badala ya kutulia ndani kama bibi harusi mwenye adabu, asubuhi alikwenda kutundika mlangoni pa duka kanga yenye jina, "Mambo yangu yanakuhusu nini?" Akaielekeza kwa Mama Chausiku wa duka la pili, ambaye walikuwa hawasemezani. Sisi wa Pwani tunajua, kanga ya namna hiyo haitundikwi hivi hivi.

Mama Chausiku akatoka mbio kituoni, akarudi na sajenti, mwanamke wa makamo.

"Afande, kanitukana mbele ya wateja. Mweke ndani!"

Bwana harusi angekuja kuoa nani, nondo za mahabusu? Hasira hasara, lakini siku hiyo nani angeniambia? Nikamkamata afande mkono, nikamvuta. "Humchukui dada yangu!"

Afande akautazama mkono wangu.

"Binti, dada yako hajaiba wala hajampiga mtu. Anayeona kavunjiwa heshima na maneno ya kanga aende mahakamani. Mimi simkamati mtu kwa hilo. Ila wewe unayemzuia polisi kazini, wewe sihitaji hati ya hakimu kukukamata. Nikuchukue?"

Nikamwachia upesi. "Shikamoo, afande."

"Marahaba," akajibu, na watu wakaangua kicheko, hata Mama Chausiku. Alasiri dada akaolewa, nami nikapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Basi, mwanangu, askari akikujia, muulize kwa adabu unakamatwa kwa kosa gani na unapelekwa kituo gani. Hiyo ni haki yako. Yapo makosa yanayosubiri hati, na yapo yasiyosubiri: mwizi aliyekutwa na mali ya watu, au aliyemjeruhi mwenzake, huchukuliwa palepale, na ndivyo inavyotakiwa. Hata ukiona askari anakosea, usimvute wala usikimbie, maana utakuwa umejitengenezea kosa ambalo hukuwa nalo. Nenda naye, ndugu zako wajue ulipo, haki yako kaidai huko.

Mungu akupe ulimi wa kuuliza na mikono iliyotulia, na akujaalie ndugu wa kukupigania, ila wawe na akili kunizidi mimi. Amina.