Nilimtuhumu mpiga video wa arusi kwa sababu ya alama ya HD

Wakuu, salaam. Haya yamenipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa, na kwa bahati mbaya hakuna chumvi hata punje.

Nianze kwa kuungama. Nina shahada mbili, na miaka yote nimeficha kwamba HD siijui. Watu wakibishana 720p na 1080p, mimi huitikia kwa kichwa kama mtahini. Niliamini HD ni picha safi kupita zote, basi.

Mpwa wangu aliolewa hapa Malindi. Siku ya kupamba ni ya wanawake peke yao: bibi arusi hukaa bila buibui, nywele wazi, simu zote zinaachwa mlangoni.

Kapu la simu nililishika mimi.

Ndani iliingia kamera moja tu, ya Zuhura, mpiga video anayeaminiwa na mji mzima.

(Simu yangu haikuingia kapuni. Shangazi yuko Maskati, nyonga zinamsumbua, nikamrushia live aone. Hiyo niliona haihesabiki.)

Wiki moja baadaye kipande cha video kikaanza kuzunguka. Kwanza Ngomeni, kisha huku. Hata kinyozi alikuwa nacho. Mpwa wangu akajifungia chumbani, hataki kuonana na mtu.

Pembeni ya kile kipande kulikuwa na alama: HD.

Nikasema mbele za watu, huyu ni Zuhura. Simu itatoa wapi HD? Siku hiyo hiyo mabibi arusi wawili waliokuwa wamemkodi wakamkataa.

Zuhura akaja kwangu. Hakukaa.

"Dada, wewe umesoma. Fungua maelezo ya hicho kipande, unisomee."

1280 kwa 720.

"Hiyo HD ndiyo kitinda mimba wa ukoo. Full HD ni 1080. Kamera yangu hurekodi 4K, 2160. Ningekuwa mwizi, si ningeiba kizuri?"

"Labda uliipunguza," nikasema. Bado namshuku!

"Haya. Nilikuona na simu mle ndani. Siku ile nani alirusha kwa 720?"

Nikafungua mipangilio ya simu yangu. Ubora wa kurusha: 720p. Niliuchagua mwenyewe, nisimalize bando.

Hata hapo, wakuu, nilijiuliza kama Zuhura aliishika simu yangu.

Funzo naliweka hapa, maana baada ya simu inayofuata sina la kusema. HD ni hesabu ya mistari kwenye picha, si ushahidi. Na mshika kapu naye apekuliwe. Kama umewahi kumchafulia mtu jina kwa ujuzi usiokuwa nao, andika hapo chini, nisiwe peke yangu.

Nikampigia shangazi. Shikamoo, marahaba.

"Shangazi, ile siku ya kupamba, uliangalia tu?"

"Niliirekodi, mwanangu! Mjukuu alinifunza. Nikamtumia wifi yangu wa Ngomeni kipande kidogo, naye masikini hakuweza kuja. Kwani hakikufika?"

Zuhura alikuwa bado amesimama. Spika niliiwasha mwenyewe.