Ng'ombe Hawakubeba Maji ya Tofali

Nakumbuka siku niliyorudi Misungwi kwa baba yangu, mtoto mgongoni, wakubwa wake wakinifuata, na kapu moja la nguo, nikijiona mshindi. Mwanangu, mjinga akiwa na hasira hutembea kama malkia.

Mume wangu alikuwa ameleta mwanamke mwingine ndani ya nyumba yetu ya Nyakato. Sikupiga kelele. Nilimwambia, "Kaa na vitu vyako," nikatoka. Hata mlango sikuurudishia.

Shangazi, dada yake baba, alinikuta uani napepeta mchele. Alikuwa mfupi, mkavu, na mdomo wake haukuwa na pazia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nyumba umemwachia nani?"

"Mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Mume wangu. Si alitoa ng'ombe kumi na wawili? Vyote ni vyake."

Akaniangalia kama mtu anavyoangalia kuku mgonjwa. "Ng'ombe walikuja kwa baba yako, kaka yako akaoa nao. Sijasikia hata mmoja aliyebeba maji ya tofali. Nani alibeba?"

Nilibeba mimi. Kiangazi kizima, ndoo kichwani, mimba tumboni. Nakanyaga udongo, yeye anafyatua. Akienda kiwandani, mimi ndiye nazifunika tofali zisipasuke kwa jua. Kidole kimoja hakivunji chawa, na nyumba ile haikujengwa na mkono mmoja.

"Lakini karatasi za kiwanja zina jina lake," nikasema.

"Na ugali uliompa nguvu ya kufyatua ulikuwa na jina la nani?"

Kesho yake akanipeleka baraza la kata. Wakamwita mume wangu, wakajaribu kutupatanisha, ikashindikana, wakatuandikia barua twende mahakamani kwa talaka. Huko mume wangu akasema mimi nilikuwa mtu wa kupika tu. Jirani tuliyekuwa tunateka naye maji akasimama: "Mheshimiwa, huyu shingo ilikaribia kuzama kifuani kwa ndoo." Watu wakacheka, hata mume wangu akacheka. Hakimu hakucheka. Alisema kupika, kufua na kulea ni kazi, nayo ina fungu lake katika mali iliyochumwa pamoja, hata kama hati ina jina moja.

Nusu sikupata, nisikudanganye. Hakimu alipima kila mmoja alichoweka, akanipa vyumba viwili vya uani vyenye mlango wake. Humo nimelea watoto wangu wote, na mmoja wao leo ni mwalimu, anafundisha watoto wa watu. Baba yao alipougua, yule mwanamke akiwa ameshaondoka, uji wake ulipikwa humohumo. Sikumchukia. Ila nilimpelekea uji nikitoka kwangu, na hilo ni jambo kubwa kuliko unavyodhani.

Basi sikia, mwanangu. Hasira hasara. Ukiondoka, usiache jasho lako nyuma ukaliita heshima. Mkinunua kiwanja, andikeni majina mawili wakati bado mnacheka pamoja, maana siku ya ugomvi kalamu huwa nzito. Nawe kijana wa kiume, usimwambie mwenzako anapika tu; jaribu wiki moja uone. Na kifo kikija kabla ya talaka, ndugu wa marehemu wakaanza kupima uwanja kwa macho kabla matanga hayajaisha, usiweke dole gumba kwenye karatasi ambayo hujasomewa. Nenda mahakamani, mirathi ifunguliwe huko, useme mlichochuma wote wawili. Mjane si sufuria ya kugawanywa pamoja na vyombo. Usione haya kuuliza. Mimi shule niliiacha darasa la tatu, lakini mdomo sikuuacha huko.

Mungu akupe nyumba ambayo hamtahitaji kuigawa. Na ikibidi kugawa, akupe hakimu mwenye masikio, na shangazi kama wangu.