Vipande vya Jezi ya Golikipa

Mimi ni fundi cherehani hapa Kahama, na kabla sijawa mke wa mtu wala mama wa mtu, nilikuwa shabiki. Wanaosema mpira ni wa wanaume waje tubishane, lakini waje wamekula wakashiba, maana mimi sichoki upesi. Timu yetu ya mji naijua tangu inachezea kiwanja kilichojaa alama za kwato za ng'ombe. Kila kilichodondoka kwenye timu ile mimi niliokota: tiketi, kitambaa cha nahodha, kipande cha neti, filimbi ya refa aliyekimbia watu akasahau kazi yake chini. Vyote viko kwenye sanduku la bati. Mume wangu alikuwa akiliita makaburi, na nilimwacha aseme.

Basi msimu huu tumepanda daraja tena. Mji mzima ulirukwa na akili, na mimi nilikuwa mbele. Tawi letu la mashabiki likaamua tuwe na chumba cha kumbukumbu, ili watoto wajue tulikotoka. Mfanyabiashara mmoja wa Kihindi, ambaye babu yake ndiye aliyeinunulia timu mpira wake wa kwanza wa ngozi, akatupa stoo iliyo nyuma ya duka lake. Nani atakipanga? Wote wakanigeukia. Nililipeleka sanduku langu kwa bajaji, nimelikumbatia njia nzima, moyo unanidunda kama wa mwali.

Nilipomaliza kutundika picha ndipo nikakiona kile nilichokijua siku zote. Ukuta mzima ulikuwa unasimulia mwaka ule tulipopanda mara ya kwanza, na golikipa aliyetupandisha hakuwepo hata kwenye picha moja. Na aliyemwondoa ukutani ni mimi.

Nieleze. Mwaka ule timu ilikuwa na golikipa mrefu, mkimya, mtoto wa wakulima wa mpunga. Timu haikuwa na jezi ya golikipa, kwa hiyo alijinunulia yake mnadani, ya mitumba, ya njano iliyokoza, na mimi nikamshonea namba moja mgongoni. Mechi ya kupanda daraja tulicheza hapahapa Kahama, tukatoka sare, zikaja penalti. Aliokoa mbili. Ya pili aliitoa kwa mguu huku mwili umeshaanguka upande mwingine, na mpaka leo nikiisimulia nasimama.

Uwanja ulijaa wachimbaji kutoka Segese na Buzwagi. Sasa, kwa wachimbaji kuna desturi yao. Mtu akipiga dhahabu kwenye duara lake, yaani shimo lake la kuchimbia, wenzake humvamia wakamnyang'anya kofia, leso, hata kamba ya suruali, ili bahati isilale nyumba moja. Hakuna anayekasirika, na anayekataa huonekana mchoyo. Walipomwona golikipa amesimama pale katikati, jasho linamtoka, wakamwendea na desturi yao. Walikuwa wanavuta jezi na haichaniki. Na mimi, jamani, nilikuwa na mkasi kwenye mkoba.

Nilijipenyeza nyuma yake, nikakata kipande cha bega la kushoto, cha kwangu. Nilipokwisha kukata, jezi ikafunguka, kila mtu akajichania chake. Golikipa alitoka uwanjani amebebwa, kifua wazi, anacheka. Nilirudi nyumbani naimba.

Siku nne baadaye kulikuwa na fainali ya kombe kule Shinyanga. Kiongozi wetu mmoja alikuwa amesema asipate shida, jezi nyingine itanunuliwa hukohuko mjini. Tukafika Jumapili, maduka yamefungwa. Refa akakataa golikipa acheze na jezi ya rangi moja na wenzake, na golikipa wa akiba, ambaye jezi yake ilikuwa yake mwenyewe, akasema haivui. Akacheza wa akiba. Tukashinda, waandishi wa magazeti wakapiga picha, na mwenye kombe mkononi kwenye picha zote ni yule wa akiba. Wetu alikaa kwenye benchi amevaa koti la kuazima. Msimu uliofuata wakaleta golikipa kutoka mbali, na yule wetu akarudi kwenye mpunga. Leo ukimuuliza kijana yeyote wa hapa ni nani aliyeokoa zile penalti, atakutajia mtu wa kwenye picha.

Kitu kimoja tu kingeweza kumrudisha ukutani, nacho ni ile jezi. Nikaandika kwenye kundi letu la wasapu: mwenye kipande cha jezi ya njano akilete, ufunguzi ni Jumamosi. Simu haikutulia siku tatu. Nilikuwa nashona huku nimeiegemeza kwenye mashine, mteja anasema urefu wa gauni mimi nachungulia picha. Watu wa mpira ni waongo sana. Vipande vyote nilivyotumiwa vingekuwa vya kweli, yule golikipa angekuwa alivaa turubai. Lakini mimi jezi ile niliipitisha chini ya sindano, najua kitambaa chake. Nikavijua tisa vya kweli, na kila nilipokitambua kimoja nilipiga kigelegele peke yangu, majirani wakadhani nina mgeni.

Shida ikawa hawakutaka kuvitoa. Nilikwenda Segese kwa mchimbaji mmoja ambaye amekifunga chake kwenye mpini wa nyundo.

"Mwadila, mayu," alinisalimu, akanipa kigoda. Nilipomweleza akacheka. "Mama, hiki nimeshuka nacho duara zote. Mwamba uliwahi kuporomoka, ukaniacha. Nikutolee ukakitundike ukutani?"

"Bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi," nikamwambia. "Hiyo ilikuwa ya mwingine."

"Ndiyo maana nimeifunga kwa fundo mbili." Akafikiri kidogo. "Nitakuja nacho Jumamosi, na nitaondoka nacho."

Na wengine wakasema hivyohivyo. Mama mmoja anayeuza mchele, aliyeachiwa na mumewe kile cha namba moja, amekishona ndani ya mkoba wake wa safari na hakukubali hata nikishike. Nikawaza, haya, waje navyo. Jezi ikikamilika kwa saa moja tu inatosha, mradi mwenyewe aione.

Mwenyewe ndiye aliyenishinda. Nilimkuta shambani kwake, nje kidogo ya mji, nywele zimeanza mvi, anasafisha mfereji wa majaruba yake ya mpunga. Tukasalimiana, akanawa mikono, akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote.

"Wabeja, mama," akanishukuru. "Lakini nikija nitatazama nini? Ukutani sipo."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Mimi niliyewahi kugombana na refa mpaka polisi wakaja, nilishindwa kumwambia mkulima mmoja kwamba mkasi ulikuwa wangu. Nikamwomba tu aje, nikaondoka, na njia nzima nilijitukana kwa Kiswahili na Kisukuma.

Jumamosi chumba kilifurika hadi uani. Mwenye duka alileta soda, wazee wa timu wakakaa mbele, na mimi nikatandika kitambaa cheusi mezani nilichokichora umbo la jezi kwa chaki. Wakaanza kuja. Wa Segese akafungua fundo zake mbili kwa meno. Mwingine alitoa kipande alichokuwa amemvisha ng'ombe wake kiongozi shingoni, kinanuka zizi, hakuna aliyejali. Mama wa mchele alikata nyuzi za mkoba wake mwenyewe, akaiweka namba moja mgongoni mwa jezi, na watu wakaanza kupiga makofi kwa mpigo mmoja, kama wakati ule wa penalti. Nilikuwa nasogeza vipande, nalinganisha mishono. Ilikuwa inarudi. Mkono, kifua, mgongo, ilikuwa inarudi kabisa.

Nilipoinua macho, golikipa alikuwa amesimama mlangoni, amevaa shati la kanisani.

Hakuna aliyemtangaza. Wachimbaji walimjua wenyewe, wakampisha, mmoja akamshika mkono kwa mikono miwili. Vijana wa tawi wakawa wanaulizana huyu ni nani. Wa Segese akawajibu kwa sauti, "Huyu ndiye. Yule wa kwenye picha alishika kombe tu." Golikipa akafika mezani, akaitazama jezi muda mrefu, akaigusa namba kwa kidole.

"Bado bega," akasema.

Ni kweli, bega la kushoto lilikuwa jeusi. Watu wakaanza kutazamana, nani anacho, nani hajatoa. Nilikuwa nacho kwenye pochi, kimekunjwa kwenye karatasi. Ningeweza kukiweka kimyakimya, nikasema kimeletwa na mtu. Lakini wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimeficha miaka yote hiyo, na chumba kizima kimejaa kwa ajili ya ukweli.

Nikakitoa, nikakiweka mahali pake. Kikaingia sawasawa, maana kilikatwa kwa mkasi na si kuchanwa.

"Ni mimi," nikamwambia. "Walikuwa wanavuta haichaniki. Mimi ndiye niliyeikata. Mimi ndiye niliyekukosesha Shinyanga, na kwako nilikuja nikashindwa kusema. Nisamehe, baba."

Nilijua ananitazama lakini mimi nilikuwa natazama meza.

"Najua," akasema. "Nilisikia ubaridi wa mkasi begani, nikageuza jicho nikakuona. Nikatulia, usije ukanikata."

Nililia, sioni haya kulisema. Nikamuuliza kwa nini hakusema, pale Shinyanga, au hata baadaye, hata juzi kule shambani nilipokuwa nimesimama mbele yake na uongo wangu.

"Ulikuwa mwanamke peke yako kwenye jukwaa lile," akasema. "Ningesema, wangekufukuza. Na sauti yako ndiyo niliyokuwa naisikia nikiwa golini."