Dawa Iliyosubiriwa Mpakani

Uvimbe kwenye paja la binti yetu ulipogunduliwa kuwa saratani ya misuli, alikuwa na miaka sita. Daktari wa Dar es Salaam, mama mpole asiyeficha neno, alituchorea seli. Nje ya seli, alisema, hufika taarifa ya kuiambia ikue, nayo hupokezanwa ndani mpaka kwenye kiini. Kwa mtoto wetu taarifa hiyo ilikuwa haizimiki. Watafiti wa nje walikuwa wakijaribu dawa za kuikata njiani, ila kwa watoto wenye ugonjwa huu hakuna iliyokuwa tayari. Kwa sasa turudi kwenye dripu ya dawa kali za kansa kila tunapopangiwa, tusiruke hata moja.

Mimi nilishika hilo la kutoruka. Mume wangu alishika kwamba kuna dawa.

Simlaumu sana. Alikuwa wakala wa forodha hapa Tunduma, na kwake hakuna kitu kisichopatikana. Kama hukioni, basi kiko kwenye foleni upande wa Zambia. Akaanza kuwaagiza madereva wa malori waendao Lusaka na kusini zaidi. Siku ya kurudi Dar ilipokaribia, akagoma kukata tiketi.

"Tusubiri kidogo, mama. Asiteswe bure na ile sumu."

Nilipandwa na hasira. Nikamwambia kansa haisubiri lori.

Dereva mmoja alileta boksi la vidonge kweli, dawa halisi ya saratani. Mume wangu alilishika kama yai. Nikampigia daktari, nikaweka spika, nikamsomea jina herufi kwa herufi.

"Hiyo ni ya saratani nyingine, mama, ya watu wazima. Inakata taarifa, ndiyo, lakini siyo hii inayomsumbua mtoto. Msimpe. Mleteni."

Binti yetu alitoka chumbani akichechemea. "Baba, imefika?"

Mume wangu, ambaye sikuwahi kumsikia akimwambia mteja hapana, alichuchumaa mbele yake.

"Haijatengenezwa bado, mwanangu."

Mume wangu alilia waziwazi. Niliumia kuliko siku tuliyotajiwa ugonjwa.

Mtoto alimfuta baba yake shavu kwa kiganja, kisha akanigeukia mimi. Kichwani hakuwa amebakiwa na unywele hata mmoja.

"Mama, chukua ile ndoo yangu ya kutapikia," akasema. "Twendeni."