Sukari ya Mama Ngoy

Nilifundisha biolojia hapa Kamina miaka mingi, na hata leo ninatamani ile harufu ya chaki na sauti za watoto wakijibu pamoja. Juzi nilimpeleka mke wangu, Mama Ngoy, kupimwa sukari. Alisema hajala tangu jana, lakini kipimo kilikuwa juu.

"Unakulaka kwa kujificha," nilimwambia mbele ya wagonjwa.

"Sikukula kitu, Baba Ngoy."

Nikapekua kikapu chake nikitafuta mandazi. Nikakuta Biblia tu.

Muuguzi, mwanafunzi wangu wa zamani, alinitazama kwa huruma. "Mwalimu, weye mwenyewe njo ulitufundisha. Mutu akikaa bila kula, ini inawasha jeni za kutengeneza sukari. Insulini njo inazizima. Kwa huyu mama, ini haisikie tena insulini muzuri, inaendelea kutengeneza."

Alisema kwa maneno yangu yaleyale, kidole juu, kama mimi ubaoni nilipokuwa kijana.

Mama Ngoy akamuuliza muuguzi, "Mwenye kusahau somo, huyu mwalimu alikuwa anamufanya nini?"

"Alikuwa anamusimamisha mbele ya wote, aombe musamaha."

Wagonjwa wote wakanigeukia. Nikasimama.